Mama Komeo na Mlango wa Kura

Jina la Mama Komeo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wabunge, mwaka wa pili wa kazi yake, siku alipomfungia nje waziri mzima mwenye faili kwapani na povu mdomoni. Waziri aligonga, akatishia, akataja vyeo vyake vyote mpaka cha uenyekiti wa timu ya mpira. Mama akasimama upande wa ndani, ufunguo mkononi, akamjibu kwa adabu zote: "Kengele imekata, Mheshimiwa." Tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka jina lake la kwenye cheti. Na mwenyewe alilipenda hilo jipya, msimsikilize akijifanya halimhusu.

Kazi ya bawabu wa Bunge ni nyepesi kuisimulia. Spika akiitisha kura, kengele inalia dakika sita jengo zima, hadi vyooni. Waliotawanyika kwenye chai na kwenye simu wanarudi mbio. Kengele ikikata, bawabu anafunga mlango, anazungusha ufunguo mara mbili, na hapo ndiyo basi. Wa ndani hatoki, wa nje haingii, mpaka kura zihesabiwe. Aliye ndani lazima apite mlango mmoja kati ya miwili ya mbele, wa kulia wa Ndiyo au wa kushoto wa Hapana. Hakuna kubaki kitini ukijitia hamnazo. Aliye nje hahesabiwi. Na kura zikilingana, hoja imekufa.

Sasa wabunge nao ni wajanja, nyie hamuwajui. Yule asiyetaka kukiudhi chama wala kuiudhi nafsi yake anachelewa makusudi. Mara amekumbuka simu ya nyumbani, mara tumbo limemshika. Mwingine atainama katikati ya korido afunge kamba za kiatu mpaka kengele ikate, halafu ainuke ajipige paja: "Lo, nimefungiwa!" Chama hakiwezi kumgusa, maana kwa Mama Komeo hata waziri alifungiwa. Wote wa namna hiyo aliwajua. Miaka kumi na tisa aliwafungia kwa uso mkavu huku akicheka kimoyomoyo.

Hata mumewe alimfungia. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi tu, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Zamani, mama alipokuwa bado kwenye mlango wa wageni, Fundi alikuja kumwona mkewe kazini, amevaa suti aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Akachelewa dakika moja, kengele imeshakata. Walionana kwenye kioo cha mlango, akamtabasamia mkewe, na mkewe akazungusha ufunguo. Fundi akarudi nyumbani na suti yake. Kisa hicho alikisimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga sebule yao. "Mke wangu ananipenda," alikuwa akisema, "ila kengele anaipenda zaidi." Watu wakicheka, Mama Komeo alikwenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwaka juzi figo za Fundi ziligoma. Mashine za kusafisha damu nchini zilikuwa nne tu, na foleni yake ilikuwa ya watu wanaosubiri wenzao wafe. Lakini ng'ambo ya mto, katika nchi jirani, mashine zilikuwepo, na mtu mwenye kadi ya Jumuiya alitibiwa kama mwenyeji. Basi kila Jumatatu na Alhamisi Fundi alivuka daraja kwa basi la asubuhi, kadi yake ya kijani mfuko wa shati, picha imemtoa macho utadhani kakamatwa ugoni. Alirudi jioni amechoka, lakini alirudi. Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka hai, na wote wawili walijua, wala hawakuwa na haja ya kulisema.

Halafu wakubwa wakaanza kugombana. Kiongozi wa serikali alitaka nchi ijitoe katika Jumuiya. Nusu ya chama chake hawakutaka. Waliotaka nao hawakupatana watoke lini na vipi. Miezi minane walivutana: mawaziri wawili wakajiuzulu, mmoja akarudi, hoja ikapelekwa kwenye kamati, ikatolewa, ikapelekwa tena. Waliokuwa wakinywea chai meza moja wakawa hawasalimiani. Kila mmoja akiulizwa alisema anahangaika kwa ajili ya mwananchi. Jamani! Mwananchi mmoja alikuwa kitandani kwake, miguu imevimba, anasikiliza redio kujua kama ataishi. Maana hoja ikipita, kadi zote zilikuwa zinakufa baada ya siku tisini.

Mama Komeo alisikia kila neno la mabishano hayo, na bawabu hana ruhusa hata ya kuguna. Alisimama hapo mlangoni, mikono nyuma, akisikia watu wenye figo nzima wakijadili damu ya mumewe. Usiku hakulala, mchana hakula. Akitaka kulia alikwenda chumba cha makoti.

Humo ndimo alimomkuta Mheshimiwa Mpole. Huyu alikuwa mbunge wa chama tawala, mtu wa sauti ya chini, aliyewahi kuwa mwalimu. Fundi ndiye aliyemshonea suti ya kuapishwa, na tangu hapo hakuacha kumuulizia.

"Shemeji yangu anaendeleaje?" akauliza.

Mama akashindwa kujikaza. Akamwaga yote: mashine, daraja, kadi, siku tisini. Mpole akasikiliza, kichwa chini, akipapasa ukosi wa koti lake.

"Dada," akasema, "mwambie Fundi asiwe na wasiwasi na mimi. Kura ya kumuua haitakuwa yangu. Naapa."

Mama akamshika mikono miwili, akasahau hata protokali. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Siku ya kura ilikuwa Jumatano. Asubuhi magazeti yote yaliandika kitu kimoja: pande mbili zinakabana koo, itaamuliwa na kura moja. Fundi alimfungia mkewe kifungo cha juu cha sare, kama alivyofanya kila siku ya kazi, akamwambia, "Nenda ukanisimamie." Akasema kwa utani. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Saa kumi jioni Spika akaitisha kura. Kengele ikaanza kulia.

Wakaja mbio, vitambi mbele, tai mabegani. Mnadhimu wa chama tawala, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna wa kwake anayepotea, alisimama hatua mbili kutoka mlangoni na orodha mkononi, akitia alama kila jina linaloingia. Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu wake kwamba atakayepita mlango wa kushoto asahau kugombea tena maishani. Mama Komeo alikuwa akihesabu pia, kwa kichwa. Dakika ya tano ikapita. Mpole hajaonekana.

Mama akachungulia koridoni. Mwisho kabisa, karibu na ngazi, akamwona. Mheshimiwa Mpole ameinama, goti moja chini, mikono kwenye kiatu.

Hapa ndipo naposhika kichwa kila nikikumbuka. Miaka kumi na tisa! Mama Komeo aliyewajua wote, wa simu, wa tumbo na wa kiatu, siku hiyo alimwona mtu ameinama kwenye kiatu na akaamini kiatu. Aliona kura ya mumewe imekwama koridoni kwa sababu ya kamba. Hakuona kingine.

Kengele ikakata.

Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Mkono huo ulijua la kufanya bila kuulizwa. Akauzuia. Kwa mara ya kwanza tangu apewe ufunguo ule, Mama Komeo aliuacha mlango wazi baada ya kengele, akautoa mwili wake nusu nje na kuita kwa sauti iliyojaa jengo zima:

"Mheshimiwa! Mheshimiwa, kimbia! Nimekushikia mlango!"

Mpole akainua uso. Mama alidhani ataruka kwa furaha. Alibaki vile vile, goti chini, akimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

Lakini Mnadhimu alikuwa amesikia. Akatokeza kichwa juu ya bega la mama, akaona, akatabasamu na meno yote. "Ah, ndugu yangu huyu hapa! Njoo bwana, mama wa watu anakungoja." Na nyuma yake wabunge wengine wamegeuka, wote wanatazama koridoni. Kukataa kuingia kwenye mlango ulioshikiwa, mbele ya macho yote hayo, ni kutangaza uasi. Mpole akainuka. Hatua zake zilikuwa nzito mno kwa mtu aliyeitwa akimbie. Alipofika Mnadhimu alimdaka kiwiko, na kiwiko hakikuachiwa tena.

Mama Komeo akafunga. Ufunguo mara mbili. Akageuka, mgongo mlangoni, kama inavyotakiwa.

Aliwaona wakitembea kwenda mbele. Akamwona Mpole anapunguza mwendo pale njia zinapoachana. Kushoto, baba, alisema moyoni, kushoto kwako. Mnadhimu akamwinamia sikioni, akanena maneno machache tu. Mpole akapita mlango wa kulia.

Mama alitaka kutoka. Alitaka kufungua mlango ule akimbie mpaka nyumbani, avue sare njiani. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake, na hakuna mtu katika jengo lile aliyefungwa kuliko yeye. Akasimama dakika kumi na saba, mikono nyuma, huku karani akihesabu.

"Ndiyo, tisini na mbili," akasoma Spika. "Hapana, tisini na moja. Hoja imepita."

Wengine walipiga meza, wengine walipiga kelele. Mama Komeo alisikia namba tu. Aliitoa kura moja. Akaitoa tena. Tisini na moja kwa tisini na moja, na kura zikilingana hoja imekufa.

Kazi ni kazi; ilibidi afungue. Mnadhimu alitoka wa kwanza, jasho linamtiririka, akampigapiga begani. "Mama, leo umetuokoa. Nitalizungumza jina lako kwa wakubwa." Akaenda zake akicheka kwenye simu.

Mpole alitoka wa mwisho. Alisimama mbele ya mama, na mama, aliyeshindwa kumtazama usoni, akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza. Havikuwa na kamba.

"Dada," Mpole akasema. "Mbona hukufunga? Wewe unafungaga siku zote."

Mpole alisubiri kidogo, kisha akaondoka akifuata ukuta.

Mama Komeo alifika nyumbani jua bado lipo. Fundi alikuwa kitandani, mgongo kwenye mito, redio imezimwa. Begi lake la Alhamisi lilikuwa tayari mlangoni, na kadi ya kijani juu yake.

"Nimesikia," akasema. "Kura moja." Akajaribu kucheka. "Redio wanasema kuna mtu aliingia kengele imeshakata. Bawabu kamshikia mlango. Nikasema, huyo ni yule mwenzako mrefu wa mlango wa pili, ana moyo laini kama siagi. Mke wangu? Mke wangu asingefanya hivyo hata kwa baba yake mzazi."

Mama Komeo alikaa ukingoni mwa kitanda. Angeweza kunyamaza. Yule mrefu asingekuja kukanusha sebuleni kwao. Lakini hakuwahi kumdanganya mwanamume yule, na hakujua pa kuanzia.

"Ni mimi, Fundi. Mlango ulikuwa wangu."

Fundi akamtazama. Mama akamweleza lote, la chumba cha makoti, la kiapo, la kiatu kisicho na kamba. Alieleza kwa haraka, bila kuvuta pumzi, huku machozi yakimwagika juu ya sare. "Nilidhani anakuja kukuokoa. Nilidhani nikimfungia nimekuua. Nilikuwa nakufungulia wewe, mume wangu. Ni wewe niliyekushikia mlango."

Nje watu walikuwa wanapita wakibishana kuhusu kura. Fundi akanyoosha mkono, akaanza kumfungua kile kifungo cha juu alichokifunga asubuhi, na kikamshinda mpaka ikabidi mama amsaidie.

"Mimi nilichelewa dakika moja," akasema. "Nimevaa suti."

"Najua."

"Ukanifungia."

"Nilikufungia."

Fundi akaitika kwa kichwa. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo mama alilokuja kulilia miezi yote iliyofuata.

"Basi na yeye ungemfungia, mke wangu," akasema. "Ungemfungia kama ulivyonifungia mimi."