Kikapu cha Bibi Avelina

Mwaka wa hamsini na tano Alois alirudi Njombe likizo kutoka Makerere, alikokuwa akisomea historia ya sanaa. Mama yake alishindwa kuwaeleza majirani ni masomo gani hayo, akaishia kusema mwanawe atakuwa daktari. Mwalimu alikuwa amempa Alois jaribio moja: aandike historia ya kitu cha kwao, nani alikitengeneza na nani alimfundisha. Akishindwa, somo hilo basi tena.

Njiani kwenda nyumbani, basi lake liliposimama Makambako, alikuwa ameazima kikapu kwa Bibi Avelina, shangazi wa baba yake. Kilikuwa cha nyasi za milulu, kimesukwa kwa kubana hata pombe haivuji. Alikipima, akakichora pande zote, akajaza kurasa nne. Juma la pili akakirudisha kimefutwa vumbi, safi kabisa, na kitupu.

"Bibi, nani alikisuka?"

"Sijui."

"Na aliyemfundisha?"

"Kaulize hukohuko Makerere." Akaingia jikoni, hakutoka tena.

Alois alirudi Njombe amenuna. Mama yake aliposikia, alishika kichwa.

"Umemrudishia mtu mzima kikapu kitupu? Hata punje ya maharage? Usomi wote huo, Alois!"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Jambo hilo hata mtoto wa Njombe asiyejua kusoma analijua, na yeye alilisahau akihesabu mistari ya msuko!

Siku ya kurudi chuoni aliteremka Makambako na debe la unga wa ulezi begani, akapiga goti mlangoni kumsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, bibi. Nimekosa."

Bibi aliuonja unga kwa ncha ya kidole, akaridhika.

"Haya, nisomee ulichoandika."

Alois alisoma, akimtafsiria Kiingereza chake sentensi kwa sentensi. Bibi aliitikia kwa kichwa kwa heshima, mpaka wakafika mwisho: "Fundi hajulikani."

Bibi Avelina alicheka hadi akajishika mbavu.

"Hajulikani na nani? Makambako nzima wananijua!"

Dereva wa basi akapiga honi. Alois akainuka, bibi akamkalisha.

"Lisubiri. Futa hapo, andika Avelina. Alifundishwa na mama mkwe wake, Oktavia, mkali kuliko walimu wako wote."

Alois aliandika juu ya goti, furaha imemjaa. Honi ikalia tena.

"Umemaliza?" bibi akauliza. "Basi ongeza kwamba bado niko hai."