Fomu Inasema Alianguka

Mdogo wangu Ngassa alivunjwa mkono wa kulia kwa rungu la polisi, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanatoka mnadani. Afande alisema kibali cha ng'ombe wake kimeandikwa vibaya. Ngassa akauliza kimekosewa wapi. Hakujibiwa kwa mdomo.

Zahanati hawakumgusa. Nesi alisema aliyepigwa lazima aje na PF3, fomu ya polisi. Basi nikampeleka kituoni, kwa walewale. Njiani nilimwonya, maana namjua kwa maneno mengi: "Jibu unachoulizwa tu. Usiongeze kitu."

Kaunta alikuwepo afande yuleyule. Akatusalimia kwa Kisukuma, "mwadila", kwa upole, kama mtu wa ukoo wetu, nasi tukaitikia. Akauliza jina, umri, kijiji. Kisha akamuuliza Ngassa, "Ulianguka?"

Ngassa akanitazama. "Ndiyo, nilianguka."

Kweli alianguka. Mtu akipigwa vile anaanguka. Nilisubiri swali la pili, la kwa nini alianguka. Halikuja. Afande akaandika, akagonga muhuri, Ngassa akasaini kwa mkono wa kushoto.

Mfupa uliunga vibaya. Jembe halishiki, na pamba ya mwaka huu mkewe Minza ameichuma peke yake.

Tulikwenda Bariadi mjini kwa Rehana, wakili anayesaidia watu bure. Alisema Serikali inashtakiwa, ila kwanza inapewa notisi ya siku tisini, na malalamiko tunaweza kuyapeleka kwa wakubwa wa afande. Nikapata nguvu. Kisha akasoma fomu. Akairudia. Akauliza kama tuna mashahidi.

Nilimtaja Januarius, aliyekuwa hatua tano tu kutoka pale. Nilipomfuata nyumbani kwake, Januarius alisema siku ile kulikuwa na vumbi sana. Ana ng'ombe, na njia ya mnadani ni ile ile moja.

Malalamiko tuliyapeleka hivyo hivyo. Mkubwa alitupa viti, akafungua faili. Ndani mlikuwa na barua yetu na ile fomu. Barua hakuigusa.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu," Ngassa akasema.

"Mbona imepinda hivi?"

"Nilisaini kwa kushoto."

"Sawa. Sasa niambie, ulianguka au hukuanguka?"

Ngassa aligeuka akanitazama, anasubiri nimwambie aseme nini.