Siku ya Mapumziko ya Mama Fagio

Siku ya mapumziko ilikuwa moja tu kwa wiki, na kila wiki ilianza kwa mabishano. Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la maua huku mwanawe mdogo akimning'inia kiunoni.

"Mama, twende kazini kwako. Kwenye kitreni."

"Leo zamu ya nani kuchagua?"

"Ya dada."

Dada mtu alikuwa anafunga kamba za viatu. "Maktaba," alisema. "Au mtoni. Popote, ila si huko."

Machale yakamcheza mama. Mwaka jana binti huyu huyu alikililia kitreni hicho mpaka macho yakamvimba. Lakini tangu alipotumwa kumpelekea mama ufunguo kazini, akiisikia tu ile bustani ya burudani anakofagia mama ananuna. Ana lake jambo huyu, mama aliwaza. Kwanza alishuku mvulana. Kisha likamjia la pili, nalo likamchoma zaidi: amemwona mamaye na ufagio, akaona haya.

"Basi tunakwenda kwenye kitreni," alisema.

"Lakini ni zamu yangu, mama."

"Yako wiki ijayo. Tena utakaa kwenye benchi nililolifuta mimi."

Binti akamaliza kufunga kamba, akasimama. Hata utii huo mama aliutilia shaka, njia nzima akawa anamtupia jicho la pembeni.

Tiketi zilikuwa zimepanda bei tena. Mama alilipa bila kunung'unika. Alijua wafanyakazi hupekuliwa wakiingia na wakitoka, ila alijiaminisha kwamba mwenye tiketi ni mgeni kama wageni wengine.

Familia nyingine zilipita langoni na mabegi yao, hakuna aliyeziuliza kitu. Mlinzi akamwona.

"Mama Fagio, pembeni kidogo. Utaratibu unaujua."

"Leo nimelipa, kaka."

"Mfanyakazi ni mfanyakazi tu."

Mikono ya mama ikapanda yenyewe, kama ilivyozoea. Mlinzi akampapasa mifukoni, kisha akauchukua mkoba. Mdogo, akidhani ndivyo watu wanavyoingia, naye akainua mikono yake.

Mama akamtazama binti. Hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Kumbe ulishaniona nikipekuliwa," mama alisema.

"Siku ya ufunguo. Sikutaka na mdogo aone."

Aibu ikamjaa mama. Alikuwa amemshuku mtoto aliyekuwa akimsitiri.

Binti akamshika mdogo wake mikono. "Shusha. Wewe hujaiba kitu."

"Kwani mama ameiba?"

Aliuliza kwa sauti, na watu kwenye foleni wakageuka. Mlinzi akainamia mkoba, akajifanya bado anatafuta.

Mama akashusha mikono. "Mjibu mtoto," alisema.

"Mama, usinitafutie balaa. Kesho asubuhi utapita hapa hapa," mlinzi alinong'ona.

"Nitapita. Leo mjibu mtoto."