Mstari Uliochorwa Usingizini

Katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, watu walikuwa hawajakubaliana nani hasa ni fundi katika ile nyumba yenye mlango wa kijani. Wengine walisema ni Waziri, maana ndiye aliyechora maua na ndege juu ya shuka kwa kalamu ya biki. Wengine, hasa wanawake, walisema ni mkewe Kadidja, maana biki haijawahi kumpendeza bibi harusi yeyote mpaka uzi upite juu yake. Wenyewe hawakushughulika na ubishi huo. Walikuwa na sharti moja tu tangu waoane: Waziri akichora, Kadidja anadarizi kila mstari, haruki hata mmoja.

Lakini mashuka peke yake hayakujaza sufuria. Asubuhi Kadidja alikaanga vitumbua na kuviuza mlangoni, binti yao Zainabu akiwa mgongoni. Waziri alikuwa ufukweni tangu alfajiri, akianika dagaa wa bosi wake Hyacinthe kwenye chanja, akifukuza kunguru na kuchungulia mawingu ya upande wa Kongo. Saa tisa alirudi ananuka samaki mpaka kwenye nyusi. Akishaoga na kuswali, walitandika mkeka uani, yeye upande huu na biki, mkewe upande ule na sindano. Hapo, kati ya alasiri na magharibi, ndipo walipokuwa wao wenyewe. Upepo wa ziwa uliingia uani, shuka likajaa hewa na kushuka taratibu, mtoto akalala, na mpita njia angedhani nyumba haina watu.

Sasa Hyacinthe alikuwa amefungua mahali pengine pa kuanikia, huko Muhuta, na alimtaka Waziri akasimamie. Angeondoka gizani na kurudi gizani. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Wewe mwenyewe unaona," Waziri alimwambia mkewe. "Siku hizi nachora kama mutu anajaza fomu. Maua yote iko sawasawa."

Kadidja aliingiwa na hofu. Hakuogopa kukosa michoro. Ua hata yeye angeweza kulichora. Aliogopa kubaki na mume wa kuamkiana naye mlangoni tu.

Jumanne walikuwa na shuka la Mama Keren, mama mmoja aliyetoka upande wa Uvira na kuuza mawese sokoni. Binti yake Keren alikuwa anaolewa Kigwena, mbele kwenye mwambao huo huo wa ziwa. Joto lilikuwa zito. Waziri alikwisha kuchora bustani nzima kwenye pembe moja ya shuka, na alikuwa kwenye jani la mwisho, Kadidja alipoona kichwa chake kinainama.

Biki haikusimama. Iliteleza ikaliacha lile jani, ikaenda polepole, ikapanda, ikashuka, ikazunguka kidogo pasipokuwa na kitu cha kuzunguka, ikaendelea na safari yake. Waziri alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Kadidja alinyoosha mkono aikamate. Ulibaki upana wa kiganja tu, na hapo hapo mkono ukamgandia. Shuka lilipumua kwa upepo, kivuli cha mpapai kikapita juu ya mstari, naye akahisi anatazama kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa: mkono wa mumewe ukiwa peke yake, haumwogopi mtu. Akaurudisha mkono wake magotini. Mstari ukavuka shuka lote mpaka ukingoni, ndipo kalamu ikaangukia mkekani na Waziri akazinduka.

Yowe alilopiga lilimwamsha mtoto. Walijaribu sabuni, wakajaribu limau na chumvi. Wino ulibaki pale pale.

"Nimeharibu shuka ya watu," alisema Waziri. "Huu mukono umekwisha. Ijumaa namwambia Hyacinthe nakubali."

"Pole, Baba Zainabu. Nilikuwa natia uzi kwa sindano, sikuona."

Uongo huo ulimtoka haraka kuliko alivyokusudia. Na kwa kuwa sharti ni sharti, alichukua uzi wa bluu akaudarizi ule mstari wote, kwa siku tatu, bila kunyoosha hata kona moja.

Ijumaa alasiri Mama Keren alifika. "Amahoro, Mama Zainabu!" Akakunjua shuka, akapitisha kidole juu ya ule uzi wa bluu. "Na hii iko nini?"

Waziri alitazama chini.

"Ngoja," Mama Keren akajijibu. "Si iko ziwa? Iko ile mwambao ya kwenda Kigwena! Keren atalala akiona njia ya kurudi kwa mama yake." Alicheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Maua naona kwa kila bibi harusi. Hii sijaona. Murakoze, asante sana."

Alipoondoka, Waziri alimgeukia mkewe. "Umesikia?" akasema. "Miaka yote nachora, leo wanasifu usingizi yangu." Akavaa shati. "Wacha niende kwa Hyacinthe."

"Niliona," alisema Kadidja.

"Uliona nini?"

"Mustari. Niliona tangu ilipoanza. Mukono yangu ilikuwa hapa, biki iko hapa. Ningeweza kukamata."

"Ukaniacha niharibu?"

"Nilikuacha uchore. Ulikuwa unacheka, Baba Zainabu. Sijaona ukichora na kicheko tangu huyu mutoto azaliwe. Nikajua nikikuamsha, sitakuona tena vile." Alisema upesi. "Kama unaenda Muhuta, nenda. Lakini usiseme mukono umekwisha. Mimi niliuona."

Waziri alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema siku tatu hakula vizuri, siku tatu amebeba aibu ya shuka lile, na mkewe amekaa mbele yake anajua. Kadidja alikubali kila neno. Mlango ukabamizwa, naye akabaki uani na mkeka mtupu, akiona mwanga unageuka rangi ya mawese kwenye ukuta, hana hamu ya sindano wala ya chochote.

Waziri alirudi kabla ya adhana ya magharibi. Uso bado ulikuwa umekunjwa. Alitoa sandukuni kitambaa cheupe kipya, akakitandaza, akaketi upande wake.

"Nimemwambia atafute mutu mwingine wa Muhuta."

"Akasema nini?"

"Akasema mimi ni mupumbavu. Nikamwambia aulize bibi yangu."

Kadidja hakuthubutu kucheka. Waziri aliondoa kifuniko cha biki kwa meno, akakitazama kile kitambaa cheupe.

"Ukiniona tena nasinzia..."

"Nitakuamsha," Kadidja alisema haraka.

"Hapana," alisema Waziri. "Vuta kitambaa polepole, biki isifike ukingoni, iendelee na safari yake."