Kiazi cha Watu Kumi na Wawili

Kwetu, kisiwani Pohnpei, kiazi kikuu hakipimwi kwa mizani. Kinapimwa kwa wanaume wanaokibeba. Cha watu wawili ni cha kula nyumbani. Cha wanne kinatosha heshima ya kawaida. Cha wanane, watu wanakusalimu kabla hujawasalimu. Mimi, Pernardo, nilitaka cha kumi na wawili. Chifu wetu alikuwa na cheo kilichobaki wazi, na mleta kiazi kikubwa ndiye angekipata. Nilikuwa na miaka sitini na tisa.

Nilikilea miaka minne msituni, kwa siri, kama desturi inavyotaka. Shina lake lilipanda mshelisheli hadi kileleni, majani mapana kama sahani. Asubuhi ya karamu nikawaita wanaume kumi na wawili. Hapo nilijikoroga mwenyewe, kwa sababu ukiita watu kumi na wawili umeshatangaza. Walikuja na machela ndefu ya miti, wanaimba.

"Shemeji, leo migongo yetu imekwisha!" alisema Ioakim, kaka wa mke wangu.

"Chimba, acha domo!"

Moyo ulinidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Tulifukua kwa mikono ili tusikikwaruze. Kichwa kikatokea, kinene kama pipa. Watu wakapiga vigelegele. Tukaendelea kushuka, udongo ukanifika kiunoni, nikapenyeza mkono kando yake. Mkono ukazunguka ukapita chini. Ukapita kabisa! Vidole vyangu viligusa mwamba. Kiazi kilikuwa kimekaa juu ya jiwe, chini bapa kama sufuria.

Wanne wakakinyanyua. Wanane wakabaki wanatazama miguu yao.

"Sikiliza," Ioakim akaninong'oneza. "Tubebe wote. Tukikaribia, tugune, tuyumbeyumbe. Nani atajua?"

Sitawaficha, nililifikiria. Niliwaza mpaka nikachagua mahali pa kuanzia kuyumba. Kisha nikaona nitakavyokiitikia cheo hicho kila siku mpaka nife, na kila nikiitwa nitakumbuka mguno.

"Wanne wabebe," nikasema. "Nyinyi wengine imbeni."

"Tuimbe nini?"

"Chochote chenye kelele."

Katika nyumba ya karamu nilimkuta Dadasio, mshindani wangu tangu ujana, ameshaleta cha watu wanane. Sasa, kwetu hakuna anayejisifu. Mwenye kiazi kikubwa kuliko vyote ndiye husimama akasema ameleta kijiazi. Basi niliposimama mbele ya chifu nikasema kweli tupu, "Mheshimiwa, nimeleta kidogo tu. Nilitaka kikubwa, nimeshindwa," nyumba nzima ikalipuka!

"Pernardo kaua!"

"Sogeeni! Sogeeni, machela isije ikawaponda!"

"Dadasio, funga virago, babu!"

Wakaingia wabebaji wangu wanne. Walitembea wepesi, mmoja anajikuna sikio.

Halafu chifu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka chini kifuu chake cha sakau, kinywaji chetu cha mizizi, na wote wakamfuata. Nilisimama pale masikio yanawaka. Kisha nikakitazama tena kiazi changu kilivyokaa sakafuni kama bibi mnene, na mimi kicheko kikanitoka. Cheo akapewa Dadasio.

Kwetu hukichunguzi kiazi cha mwenzako, wala huulizi amekilima vipi. Nilichukua kifuu, nikaenda kukaa mbele ya Dadasio.

"Hongera, kaka. Hebu niambie. Changu kimeharibikia wapi?"

Waliokuwa wanaponda sakau wakasimamisha mawe.

"Unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine ana cha wanane? Nikiwa na miaka arobaini nilikaa darasa la jioni na vijana wenye umri wa wanangu, nikauliza herufi moja moja. Sikufa."

Dadasio akageuka kulia, akageuka kushoto. "Kilikalia jiwe," akasema kwa sauti ya chini. "Kile kitako bapa."

"Ulikichunguza!"

"Nisamehe. Jicho liliponyoka. Ulipima kina cha udongo kwa mti kabla ya kupanda?"

"Sikupima. Niliona majani yanavyopanda, nikaamini."

"Majani! Miaka minne, Pernardo, unalea majani!" Alijipiga paja. "Kesho alfajiri njoo na mti mrefu uliochongwa. Lakini usimwambie mtu."

"Dadasio, watu mia mbili wanatusikia."

"Basi wasije."

Sikulala vizuri, na si kwa huzuni. Nilipofika nyuma ya kilima chake, yeye na cheo chake kipya walikuwa wameshapiga magoti kwenye matope. Tulichomeka mti mahali pa kwanza: ko, jiwe. Pa pili, jiwe. Pa tatu mti ukazama. Nikaegemea, ukazidi kuzama, mkono wangu ukafika ardhini na mti bado unakwenda.

"Hauna mwisho!" nikapiga kelele. "Kaka, hauna mwisho! Hapa hata watu ishirini!"

Dadasio akaniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa udongo. "Nyamaza, mzee! Siri!" akasema, huku mkono wake wa pili umeshaanza kufukua.