Namba Mbili Haijibu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kidhibiti namba 2 hakikusomeka, kwa mara ya sita. Kwenye skrini ya Ndunge, fundi aliyetumwa kutoka Kitui, palitokea neno moja: kosa.

Kituo hiki cha kusukuma maji, nje kidogo ya Migwani, kina pampu mbili. Kila moja ina kidhibiti chake, na vyote vimeungwa kwa waya mmoja hadi kwenye kompyuta. Cha zamani kimefanya kazi miaka kumi na tisa. Kipya kilifungwa Alhamisi, na tangu siku hiyo hakuna kinachosomeka. Ofisi iliandika: cha zamani kisipojibu leo, pampu yake ing'olewe, na mwendeshaji wake, Nzau, ahamie kituo cha Kambu, mbali na nyumbani kwake.

Nzau alisema tu kwamba saa sita atavuka uzio hadi nyumbani ampelekee mkewe, Katunge, chai. Mkewe haoni tena.

"Hakuna jirani wa kumpelekea?" Ndunge aliuliza.

"Yuko. Lakini hutia sukari kama anayepanda mahindi."

Ndunge akacheka, akafungua kabati. "Mzee, hiki kipya ulikipa namba gani?"

"Mbili."

"Na cha zamani?"

"Mbili. Si huyu ni mjukuu wake? Mjukuu wangu wa kwanza ni Nzau kama mimi, na mimi bado nipo."

"Na mkiitwa nyumbani?"

"Tunaitika wote."

"Ndivyo hivi. Kompyuta ikiita, wanaitika pamoja. Haimsikii hata mmoja."

Nzau alikaa juu ya ndoo. "Kumbe ni mimi nimemnyamazisha babu yake."

"Yuko hai. Njoo umpe mjukuu jina lingine."

Walichomoa waya wa kipya. Ndunge alimwachia kitufe, na Nzau mwenyewe akabadilisha 2 kuwa 3. Wakauchomeka tena. Ndunge akaita namba 2, akasoma kwa sauti: mkondo wa umeme ampea 12.6, joto nyuzi 41, muda wa kazi saa 88,406.

"Hizo saa, mwanangu. Zisome tena."

Akazisoma tena, polepole.

Saa sita kasoro dakika nne, ofisi ilithibitisha kupokea usomaji wa vidhibiti vyote viwili na ikafuta uhamisho wa Nzau. Saa sita na dakika mbili, Nzau alivuka uzio akiwa na chupa ya chai.