Jiko Lililokataa Kuanguka

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Mei, na umande ulikuwa umeganda juu ya matuta. Anacleto, mposaji, alijenga jiko la madongoa ya udongo la kuokea viazi katika bustani ya Mama Benita, ambaye hangekubali kumwoza binti yake kwa mtu ambaye jiko lake huporomoka kabla viazi havijatiwa. Kwa hofu alipaka tope kila ufa, huku akiomba, "Bwana, lisianguke."

Halikuanguka. Madongoa yakapata moto sana, viazi vikatiwa ndani. Sasa, kama ilivyo desturi, jiko lilipaswa kubomolewa ili madongoa ya moto yavifukie viazi viive. Anacleto akalipiga teke, kisha akalipiga kwa jembe. Jiko likasimama kama kanisa.

"Kaka, tulitaka viazi, siyo ngome!" jirani Fortunato alipiga kelele. Binti mwenyewe, Nélida, alicheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, ulilipaka nini?" Mama Benita aliuliza.

"Tope, mama," Anacleto alisema, akitazama chini. "Na maombi."

Mama Benita akawageukia majirani. "Leo tutakula mkate. Lakini nyie ni mashahidi: mjenzi kama huyu akijenga nyumba, haitamwangukia binti yangu. Viazi vya msimu huu vikishaingia ghalani, nitamwoza Nélida."